Mbegu bora kwa nani? Mkulima mdogo na nafasi yake katika kupima na kuchagua aina za mazao

KILA mwaka taasisi za utafiti wa kilimo katika nchi za Afrika Mashariki hutangaza aina mpya za mbegu. Huwa ni mahindi yanayostahimili ukame, maharage yanayokomaa mapema au muhogo unaohimili ugonjwa wa batobato. Mbegu hizo hutangazwa kwa majina yake, kwa wingi wa mavuno yake na kwa matumaini makubwa ya kumkomboa mkulima.

Baadhi yake huenea vijijini kwa kasi, kutoka kwa jirani hadi kwa jirani. Nyingine hupandwa msimu mmoja au miwili kisha huachwa, na mkulima hurejea kwenye mbegu aliyorithi kwa wazazi wake.

Mijini jambo hilo huelezwa kwa wepesi: mkulima mdogo ni mgumu wa kubadilika, elimu haijamfikia, au ofisa ugani hakutimiza wajibu wake. Maelezo hayo huwa na ukweli mahali fulani, lakini hayatoshi. Uzoefu wa zaidi ya miaka 30 wa kuwashirikisha wakulima katika majaribio ya mbegu, barani Afrika na kwingineko, umeonyesha kwamba mara nyingi mkulima aliikataa mbegu kwa sababu za msingi. Kilichokosekana ni mtu wa kumwuliza mapema.

Suala hili si la wanavijiji peke yao. Maharage yanayonunuliwa katika soko la Kariakoo jijini Dar es Salaam, ndizi zinazoshushwa kutoka kwenye malori jijini Kampala na mchele unaopikwa na mama lishe, vyote vimeanzia katika uamuzi wa mtu mwenye ekari chache kuhusu mbegu ipi aifukie ardhini. Uamuzi huo ukikosewa, msimu mzima hupotea, na hasara yake hufika hadi jikoni mjini kwa njia ya bei.

Kituoni na kijijini

Ili kuelewa chanzo cha tatizo, yafaa kwanza kufahamu mbegu mpya inavyopatikana. Kwa utaratibu wa kawaida, mtafiti huchavusha mimea miwili yenye sifa tofauti, kwa mfano mmoja unaozaa sana na mwingine unaohimili ugonjwa. Kutokana na uzao wao hupatikana mamia au maelfu ya mimea isiyofanana. Mtafiti huichuja msimu baada ya msimu hadi zibaki aina chache, ambazo hupelekwa katika majaribio ya kitaifa kabla ya kuidhinishwa. Safari hiyo huweza kuchukua miaka minane, kumi au zaidi.

Kwa desturi ya zamani, mkulima aliingia mwisho kabisa wa safari hiyo. Alialikwa siku ya maonyesho, akaonyeshwa aina mbili au tatu zilizokwisha kuchaguliwa na kuhimizwa azipande. Zile mamia zilizotupwa njiani hakupata kuziona.

Hapo ndipo matatizo mawili huzaliwa. La kwanza ni mazingira. Shamba la kituo cha utafiti hulimwa kwa wakati, huwekwa mbolea, hupaliliwa ipasavyo na hupandwa zao moja kwa mistari iliyonyooka. Shamba la mkulima mdogo huwa na mahindi, maharage na maboga kwa pamoja. Mbolea hupatikana mwaka huu na kukosekana mwaka ujao, na palizi huchelewa mtoto anapougua. Mbegu inayoshika nafasi ya kwanza kituoni huweza kushika nafasi ya nne au ya tano katika shamba kama hilo, na ile iliyotupwa kituoni ikaongoza.

Tatizo la pili ni vigezo. Kwa miaka mingi kipimo kikuu cha mtafiti kilikuwa mavuno kwa hekta. Mkulima naye huyataka mavuno, lakini huyapima pamoja na mambo mengine mengi: zao linakomaa lini, linahifadhika kwa muda gani, linahitaji kuni kiasi gani kuiva, majani yake yanafaa kwa mboga, mabua yake yanafaa kwa mifugo, na mnunuzi atalitaka. Mbegu inayozidi nyenzake kwa gunia moja lakini ikaliwa na wadudu ghalani ndani ya miezi miwili haijamwongezea chochote.

Mfano ulio wazi ni wa mahindi nchini Malawi. Kwa miaka mingi wakulima wadogo wa nchi hiyo walihimizwa kupanda mahindi chotara yenye punje laini. Yalizaa vizuri, lakini wengi waliendelea kupanda mahindi ya kienyeji yenye punje ngumu. Sababu ilikuwa kinu na ghala. Punje laini zilivunjika ovyo zilipotwangwa, unga mwingi ukapotea pamoja na pumba, na fukusi walizishambulia kwa urahisi. Mwaka 1990 watafiti wa Malawi walitoa chotara mbili zenye punje ngumu zaidi, MH17 na MH18, na hapo ndipo wakulima wengi walipoanza kuyapokea mahindi chotara. Hoja ya kinu, ambayo akina mama walikuwa wakiijua siku zote, ilihitaji miaka mingi kufika mezani kwa mtafiti.

Somo kutoka Rwanda

Jaribio lililobadilisha fikra za watafiti wengi lilifanyika jirani kabisa na Tanzania, nchini Rwanda, mwishoni mwa miaka ya 1980.

Rwanda ni miongoni mwa nchi ambazo watu wake hula maharage kwa wingi kuliko karibu nchi zote duniani. Zao hilo kwa kiasi kikubwa liko mikononi mwa wanawake. Mkulima wa Rwanda hakuwa na desturi ya kupanda aina moja. Alipanda mchanganyiko wa aina nyingi kwa pamoja, mbegu zenye rangi na maumbo mbalimbali katika kapu moja, na aliubadilisha mchanganyiko huo kulingana na udongo, mwinuko wa mlima na msimu. Ulikuwapo mchanganyiko wa ardhi iliyochoka, na mwingine wa kupandwa chini ya kivuli cha migomba.

Mwaka 1988 taasisi ya utafiti wa kilimo ya Rwanda ya wakati huo, ISAR, ikishirikiana na kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo cha CIAT chenye makao yake nchini Colombia, ilianza kuwaalika wanawake wanaosifika vijijini kwa ujuzi wa maharage. Walifika katika kituo cha utafiti na kuzikagua aina zilizokuwa katika majaribio. Miongoni mwa walioiongoza kazi hiyo alikuwa Louise Sperling, mtaalamu wa elimu ya jamii za watu.

Wanawake hao hawakuja kusikiliza mhadhara. Walipita katika vitalu vya majaribio zaidi ya mara moja katika msimu, wakaitazama mimea ikiwa michanga na ikiwa imekomaa. Kisha kila mmoja alichagua aina chache alizoona zingefaa katika shamba lake, akaondoka nazo kwenda kuzipanda kwa namna aliyozoea.

Matokeo yalikuwa ya kushangaza. Zilipolinganishwa na mchanganyiko wa kienyeji katika mashamba ya wanawake hao, aina walizozichagua ziliushinda mchanganyiko huo kwa asilimia 64 hadi 89 ya mara zote, na ongezeko la mavuno lilifikia wastani wa asilimia 38. Aina zilizokuwa zimechaguliwa na watafiti kwa ajili ya eneo hilo hilo zilishinda kwa asilimia 34 hadi 53 tu, na ongezeko lake lilikuwa la wastani wa asilimia nane.

Aidha, katika kipindi kifupi cha jaribio hilo wakulima walizipokea aina 21. Idadi hiyo ililingana na aina zote za maharage zilizokuwa zimetolewa na taasisi hiyo katika miaka 25 iliyotangulia.

Takwimu hizo hazina maana kwamba watafiti wa Rwanda hawakujua kazi yao. Aina zote ambazo wanawake walichagua zilitoka katika vitalu vya watafiti hao hao. Bila wao, kusingekuwa na cha kuchagua. Kilichobadilika ni mtu aliyeshika chujio. Mtafiti alitafuta aina moja au mbili zitakazofaa nchi nzima. Kila mwanamke alitafuta aina itakayofaa mteremko wake, udongo wake na chungu chake. Kwa nchi ya milima isiyofanana, njia ya pili ilileta mavuno zaidi.

Kazi hiyo iliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha ikakatizwa na vita na mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Hata katika msiba ule, ujuzi wa wakulima ulionekana thamani yake. Taasisi za utafiti zilipoungana katika mpango wa kuirejeshea Rwanda mbegu zake, ulioitwa Mbegu za Matumaini, tafiti zilibaini kwamba utajiri wa aina za maharage haukupotea kama ilivyohofiwa. Ulikuwa umehifadhiwa katika makapu ya majumbani, kwa majirani na katika masoko ya vijijini.

Namna kazi inavyofanyika

Tangu wakati huo njia za kuwashirikisha wakulima zimeongezeka na kuboreshwa. Wataalamu huzigawa katika mafungu mawili. Katika fungu la kwanza, mkulima huchagua miongoni mwa aina zilizokwisha kukamilika au zinazokaribia kukamilika. Katika fungu la pili, mkulima hushiriki tangu mwanzo: husema ni mimea ipi ichavushwe na ipi, na huchuja uzao wake katika shamba lake mwenyewe.

Njia mojawapo ya fungu la kwanza ilipata umaarufu katika zao la mpunga Afrika Magharibi. Watafiti wakiongozwa na Monty Jones wa Sierra Leone walifanikiwa kuchanganya mpunga wa asili ya Afrika na ule wa asili ya Asia, wakapata jamii ya mpunga inayoitwa NERICA. Kazi hiyo ilimpatia Jones Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2004. Kuanzia mwaka 1996, nchini Côte d'Ivoire na baadaye katika nchi nyingine, mpunga huo ulipelekwa kwa wakulima kwa utaratibu wa miaka mitatu.

Mwaka wa kwanza hupandwa bustani ya kijiji yenye aina nyingi, zikiwamo mpya na za kienyeji, huweza kufika 60. Wakulima huitembelea katika hatua mbalimbali za ukuaji na kueleza wanachokipenda na wasichokipenda. Mwaka wa pili kila mkulima hupewa aina alizozichagua, zisizozidi sita, akazipande kwake. Mwaka wa tatu huulizwa swali moja tu: je, uko tayari kuinunua mbegu hii kwa fedha yako?

Swali hilo la mwisho lina uzito wake. Mkulima ni mtu wa adabu, naye hapendi kumvunja moyo mgeni aliyetoka mbali na gari la serikali. Akiulizwa kama mbegu ni nzuri atajibu kuwa ni nzuri. Lakini atakapotakiwa kutoa fedha mfukoni, jibu lake litakuwa la kweli.

Kwa sababu hiyo hiyo, katika majaribio mengi uchaguzi hufanywa kwa kura ya siri. Mbele ya kila kitalu huwekwa bahasha au mfuko, na kila mkulima hutumbukiza punje ya mahindi au maharage mbele ya kitalu alichokipenda. Wanawake hupewa punje za aina moja na wanaume za aina nyingine, ili kura zinapohesabiwa ijulikane kila upande umesema nini. Mzee wa kijiji huwa na kura moja, sawa na binti aliyeolewa mwaka jana.

Ipo pia njia inayoitwa ya mama na mtoto, iliyobuniwa nchini Malawi katika miaka ya 1990. Shamba moja kubwa la majaribio, ndilo mama, huwa na aina zote na husimamiwa kwa vipimo vya kitaalamu. Kulizunguka huwapo mashamba madogo ya wakulima, ndiyo watoto, kila moja likiwa na aina chache zinazotunzwa kwa namna ya mkulima mwenyewe. Matokeo ya pande zote mbili husomwa kwa pamoja.

Pakiti tatu kwa kila mkulima

Njia iliyoenea zaidi katika miaka ya karibuni ni nyepesi kuliko zote hizo. Mkulima hupewa pakiti tatu ndogo za mbegu zilizoandikwa A, B na C. Haambiwi majina yake, ili asivutwe na sifa za mbegu fulani. Huzipanda kwa pamoja katika sehemu ndogo ya shamba lake, na mwisho wa msimu hujibu maswali mafupi: ipi imeongoza, na ipi imeshika mkia? Iliyobaki ni ya katikati. Majibu hayo huweza kupokewa hata kwa simu ya mkononi.

Mkulima mmoja hulinganisha aina tatu tu, lakini jirani yake hupewa tatu nyingine, na wa kijiji cha pili tatu tofauti. Majibu ya mamia au maelfu ya wakulima yakiunganishwa kwa hesabu za takwimu, hupatikana mpangilio wa aina zote. Yakiunganishwa tena na kumbukumbu za mvua na joto, huonekana ni aina ipi inafaa mahali gani na katika msimu wa namna gani.

Mwaka 2019 jopo la watafiti wakiongozwa na Jacob van Etten lilichapisha matokeo ya kazi hiyo kutoka katika vipande 12,409 vya mashamba ya wakulima nchini Nicaragua, Ethiopia na India, kwa mazao ya maharage na ngano. Majaribio ya ukubwa huo hayawezekani katika kituo chochote cha utafiti, kwa sababu hakuna kituo chenye udongo na hali ya hewa za aina zote hizo.

Ethiopia ilikwisha kutoa ushahidi mwingine. Wakulima 60, wanaume kwa wanawake, wa mikoa ya Amhara na Tigray walitakiwa kukagua aina 400 za ngano ngumu, nyingi zikiwa za asili zilizohifadhiwa katika benki ya taifa ya mbegu. Baadhi ya mbegu hizo za zamani zilionekana kufaa katika nyanda zile kuliko mbegu za kisasa zilizokuwa zikihimizwa. Mwaka 2017 aina mbili miongoni mwa hizo ziliidhinishwa rasmi ili zilimwe. Mbegu iliyokaa ghalani ikihesabiwa kuwa kumbukumbu ya zamani ilirudi shambani kwa kura ya wakulima.

Jikoni nako kuna kura

Wataalamu wengi sasa wanakubali kwamba jaribio la mbegu halimaliziki shambani. Humalizikia mezani.

Viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa ni mfano mzuri. Vina wingi wa viini vya vitamini A, ambayo ukosefu wake hudhoofisha kinga na macho ya watoto. Mwaka 2016 wataalamu wanne, akiwamo Robert Mwanga wa Uganda, walipewa Tuzo ya Chakula Duniani kwa kazi zao za kuongeza virutubisho katika mazao, viazi hivyo vikiwamo. Hata hivyo, aina za mwanzo zilikuwa na majimaji, ilhali walaji wengi wa Afrika Mashariki hupenda kiazi kikavu chenye unga. Ilibidi watafiti warudi kuzalisha aina zenye rangi ya chungwa na ukavu unaopendwa. Uganda pia ilikwenda hatua zaidi kwa kuwashirikisha wakulima katika kuzalisha kiazi chenyewe, na mwaka 2010 ikaidhinisha aina ya NASPOT 11 iliyopatikana kwa njia hiyo.

Katika utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2021, watu wa kawaida nchini Ghana na Uganda walionjeshwa viazi vilivyochemshwa, vitatu kwa kila mtu, wakataja kilichowapendeza zaidi na kilichowapendeza kidogo. Njia ni ile ile ya pakiti tatu, isipokuwa mpimaji hapa ni mlaji. Mkazi wa mjini asiye na hata bustani ya mchicha naye ameingizwa katika baraza la kuchagua mbegu.

Kwa upande wa ndizi, Tanzania iliidhinisha mwaka 2021 aina nne chotara za ndizi za kupika zilizopewa majina ya TARIBAN 1 hadi 4. Katika zao hilo hakuna anayeweza kukwepa hoja ya mapishi. Mhaya wa Kagera na Mganda wa Masaka huijua ndizi njema kwa rangi yake ya njano ikiiva, kwa ulaini wake mdomoni na kwa harufu yake. Ndizi inayohimili magonjwa lakini ikabaki ngumu sufuriani haitapewa nafasi katika kihamba.

Hapo pia ndipo tofauti ya mwanamume na mwanamke hujitokeza. Anayepeleka gunia sokoni hutazama rangi na ukubwa wa punje, kwa kuwa mnunuzi ndivyo anavyotaka. Anayepika hutazama muda wa kuiva, kwa kuwa maharage yanayochukua saa tatu jikoni hula kuni za siku mbili. Mjini hesabu hiyo hufanywa kwa mkaa na gesi. Mbegu ikichaguliwa na upande mmoja tu, upande wa pili ndio utakaolipa gharama.

Ujuzi wa mkulima una mipaka

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Usemi huo unampa mkulima haki ya kusikilizwa, lakini pia unambana, kwa maana yapo mambo ambayo naye hajayalalia.

La kwanza ni magonjwa mapya. Mkulima huchagua kwa yale aliyoyaona. Ugonjwa hatari wa mahindi ulioripotiwa nchini Kenya mwaka 2011, ambao hukausha mmea wote, uliwakuta wakulima wakiwa hawajapata kuuona. Michirizi ya kahawia ya muhogo nayo huweza kuozesha mzizi chini ya ardhi huku majani yakionekana ya kuridhisha. Mkulima anayechagua kwa macho huweza kugawa vipando vilivyoambukizwa kwa nia njema kabisa. Katika mambo hayo, maabara ya mtafiti haina mbadala.

La pili ni nani hasa anayeitwa mkulima. Mikutano ya kijiji huhudhuriwa zaidi na wenye nafasi, wenye mashamba makubwa kiasi na wenye kuzoeana na viongozi. Mjane mwenye robo ekari, ambaye ndiye angefaidika zaidi, huwa kibaruani siku hiyo. Ushirikishwaji usiomfikia huyo hurudia kosa la zamani kwa sura mpya.

La tatu ni gharama ya muda. Kupanda vitalu, kuvitunza, kuvipima na kujibu maswali ni kazi. Mkulima huifanya bila mshahara, pembeni ya kazi zake, na mara nyingi harudishiwi matokeo. Akiona amechuma maarifa kwa ajili ya ripoti ya mtu mwingine, msimu ujao hatafika.

Zaidi ya hayo upo ushirikishwaji wa jina tu. Wakulima huitwa siku moja, hupewa chai na fulana, hupigwa picha mbele ya kitalu, na ripoti huandikwa kwamba wameshirikishwa. Tofauti kati ya hilo na ushirikishwaji wa kweli hujulikana kwa kipimo kimoja: je, maoni yao yanaweza kubadilisha uamuzi? Kama aina iliyopata kura chache itaendelea na safari, na iliyopata kura nyingi itatupwa, basi kura hiyo ilikuwa mchezo.

Sheria na biashara

Hata pale mkulima anapochagua vyema, mbegu yake hukutana na kikwazo cha sheria. Katika nchi nyingi, aina ya zao haiwezi kuidhinishwa na kuuzwa rasmi mpaka ithibitike kuwa ni tofauti na nyingine, kwamba mimea yake inafanana, na kwamba sifa zake hazibadiliki kizazi hadi kizazi. Masharti hayo yana faida, kwani humlinda mnunuzi dhidi ya matapeli wanaouza nafaka ya chakula kwa jina la mbegu. Lakini mchanganyiko wa maharage wa Rwanda usingeweza kuyatimiza, kwa sababu nguvu yake ilikuwa katika kutofanana.

Nchini Tanzania, Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 iliiweka Taasisi ya Udhibiti wa Ubora wa Mbegu (TOSCI) kuwa msimamizi. Pamoja na mbegu zilizothibitishwa kikamilifu, utaratibu wa nchi unatambua pia mbegu za kuazimiwa ubora, zinazozalishwa na wakulima wenyewe chini ya ukaguzi mwepesi zaidi na kuuzwa katika maeneo yao. Kwa mazao kama maharage, mtama na karanga, ambayo makampuni makubwa hayavutiwi nayo, huo ni mlango muhimu wa kuifikisha vijijini aina iliyochaguliwa na wanavijiji.

Sababu ya makampuni kutovutiwa ni ya kibiashara. Mahindi chotara hupoteza nguvu yake yakipandwa tena kutokana na mavuno, hivyo mkulima hulazimika kurudi dukani kila mwaka. Harage hujichavusha lenyewe, na mkulima akishalipata huweza kuweka mbegu yake kwa miaka mingi. Hivyo utafiti wa mazao ya namna hiyo huitegemea zaidi serikali na wafadhili. Fedha zikiwa haba, kila aina inayotolewa na kukataliwa ni mali ya umma iliyopotea.

Maswali ya kuuliza

Ushirikishwaji wa wakulima si dawa ya kila tatizo la kilimo. Hauleti mvua, haushushi bei ya mbolea wala haurekebishi barabara ya kwenda sokoni. Unachofanya ni kupunguza uwezekano wa taifa kutumia miaka kumi na fedha nyingi kutengeneza mbegu isiyotakiwa na mtu.

Hali ya hewa inayobadilika inaufanya wajibu huo kuwa wa haraka zaidi. Misimu ya vuli na masika haitabiriki kama zamani, na aina iliyofaa kijiji fulani miaka 15 iliyopita huenda isikifae leo. Upimaji wa mbegu sasa unahitajika mahali pengi, kila msimu, na vituo vichache vya utafiti haviwezi kuifanya kazi hiyo bila maelfu ya macho yaliyoko mashambani.

Basi, litakapotolewa tangazo jingine la mbegu mpya, yapo maswali ambayo mwananchi, mwandishi wa habari na mbunge wanayo haki ya kuyauliza kabla ya kupiga makofi. Mbegu hii ilipandwa katika mashamba ya wakulima wangapi, na ya wilaya zipi? Wanawake walisema nini, na wanaume walisema nini? Ilipikwa na nani, na iliiva kwa muda gani? Ni aina zipi zilizokataliwa na wakulima, na kwa sababu gani? Baada ya majaribio kwisha, ni wangapi walioipanda tena kwa hiari na kwa fedha yao?

Taasisi yenye majibu ya maswali hayo imefanya kazi yake. Isiyo nayo imetengeneza mbegu, lakini bado haijajua kama ni bora.